Kishada cha Kwanza

Asubuhi ile kaka yangu Hadu alipanda lori na kishada cha bangi kikichungulia kwenye kofia ya jalaba lake. Huku kwetu milima ya Rifi kofia iliyoshonewa kwenye jalaba, joho letu refu, ile inayoning'inia mgongoni, ndiyo mfuko. Mtu akitoka sokoni, mkate anautia humo. Hata kuku, nimewahi kumwona, kichwa nje, anashangaa njia.

Lakini ngojeni, nimeruka. Kabla ya hapo sisi tulikuwa watu wa kujificha. Bangi tumerithi kwa babu zetu, ila askari walikuwa na majina yetu, basi mjini hatushuki. Mama alifia hospitali ya mjini, akazikwa huko huko. Mimi na Hadu tulimwombea tukiwa juu kilimani, tunatazama mapaa.

Kisha ikaja sheria. Jiunge na ushirika, upewe kibali, ulime mchana kweupe, na mavuno yapelekwe kiwandani yakatengenezwe dawa. Kijiji kizima tukaelewa jambo moja tu, kwamba bangi imesamehewa. Kumbe iliyosamehewa ni ya kiwandani. Ya kiko, hapana. Hilo hatukuambiwa, au tuliambiwa kwa maneno ya watu wa ofisini.

Sasa, kwetu kishada cha kwanza kukatwa ni cha mkubwa wa nyumba. Anakikatakata mwenyewe kwenye kibao, anachanganya na tumbaku, anavuta taratibu kwenye kiko kirefu. Hapo ndipo mavuno yanakuwa mavuno. Tangu baba afariki mkubwa ni Hadu, na mimi ndiye ninayemtilia kwenye kofia. Mwaka ule nilimtilia kama miaka yote.

Kwenye kizuizi cha barabarani, sisi na majirani tukiwa juu ya mzigo, dereva alionyesha kibali, askari akapiga kofi ubavuni mwa lori, tupite. Hadu, mtu aliyewakimbia askari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akainama nje kwa furaha.

"Hujambo, mwanangu? Mwaka huu sikukimbii." Akachomoa kishada. "Shika unuse. Cha shambani kwetu."

Yule askari alikuwa kijana mpole. Uso ulimshuka. Akageuka kumtazama mkubwa wake aliyekaa kivulini, na mkubwa alikuwa ameshaona.

"Mzee," akanong'ona, "mbona umenionyesha?"

Nikaruka chini. Nikamwambia yule mkubwa kwamba kishada na mzigo wa lorini vimetoka shamba moja, udongo mmoja, mundu mmoja. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza pole pole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: ya lorini ina kibali, ya kwenye kofia haina. Na nikisema ni yangu, atanichukua na mimi, na ushirika mzima utanyang'anywa kibali.

Nikatazama juu. Majirani walikuwa wamekaa juu ya mavuno yao, kila mmoja anaangalia miguu yake.

"Panda, Mimuni," Hadu akaniambia. Walikuwa wameshamshika mkono. "Mzigo unaungua na jua. Na kibao changu usimwazime mtu."

Nikapanda. Ningefanya nini? Lori likaondoka na mlima mzima wa bangi, na yule kijana akatupungia mkono tupite. Kaka yangu akabaki pale kwa ajili ya kishada kimoja.

Alirudi kutoka gerezani wakati wa theluji, amekonda, kifua kinakoroma. Mkewe Yamna alimwekea kibao mbele yake. Hadu akakitia uvunguni.

Mavuno yaliyofuata nilikata kishada cha kwanza, nikaenda nacho. Nilimkuta amekaa juu ya ukuta mfupi wa ua, jua la Agosti linachoma mpaka mbwa wanahama kivuli hadi kivuli. Kofia ya jalaba alikuwa ameivaa kichwani, ameivuta mpaka kwenye nyusi.

Nikasimama nyuma yake, kishada mkononi, sina pa kukitia.

"Joto leo," akasema, bila kugeuka.

"Joto sana, kaka."

Nikarudi shambani. Lori lilikuwa limeshafika, nikakiweka pamoja na vingine.