Shikamoo ya Nkwabi

Kwenye mashindano ya kuandika programu za kompyuta, kila chuo kilileta mwalimu, mfanyakazi na mwanafunzi. Chuo chetu cha Mpanda kilimleta Mwalimu Aloyce, mimi Monika wa masjala, na Nkwabi, kijana wa Kisukuma kutoka Sitalike. Tulitakiwa kutengeneza programu ya kupanga foleni kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwalimu ndiye aliyekuwa anaandika.

"Shikamoo, mwalimu," Nkwabi akasema ghafla.

"Marahaba," Mwalimu akajibu bila kugeuka.

Baada ya muda kidogo, tena: "Shikamoo, mwalimu."

"Si tumeshasalimiana asubuhi! Una nini wewe?"

Kijana akainamisha kichwa, ila jicho likabaki kwenye skrini. Mimi uvumilivu ukanishinda.

"Mwalimu, huyu ameona kosa, ila kwao mtoto hamkosoi mkubwa, anamwamkia tu mpaka ageuke. Na wewe Nkwabi, sema basi, muda unaisha!"

Akaonyesha kwa kidole. Programu ilikuwa inamruka mtu wa mwisho kwenye foleni. Tukarekebisha, tukashinda.

Siku hizi Nkwabi akimsalimia Mwalimu koridoni, Mwalimu haitikii marahaba. Anasimama, anamuuliza, "Nimekosea wapi?"