Shangazi Walburga Avuka Daraja

Soko huria lilipofika Mbinga, wenye akili zao walinunua bati na mashine za kukoboa mahindi. Stephano akanunua televisheni, jenereta na gemu la Kijapani, tena kwa fedha za kahawa ya shangazi yake, Walburga wa Mpepai. Akafungua banda, watu wakalipa kiingilio wacheze. Wiki ya kwanza walijaa hadi mlangoni. Wiki ya tatu, mabenchi matupu.

Kisa kilikuwa mzee mmoja wa kwenye kioo. Katika gemu lile hakuna kupigana. Kila kitu ni kutoa hela. Unachagua kiasi, unabonyeza, sarafu zinaruka. Njia unanunua, habari unanunua, hata salamu unanunua. Huyo mzee alikaa mbele ya daraja, na hakuna aliyempita. Ukimpa kidogo ukakimbilia daraja, anakurudisha kwa fimbo. Ukimmwagia mfuko mzima, anachukua chote na kukupa mgongo. Maandishi nayo ya Kijapani, nani ayasome? Vijana wakasema gemu ni bovu, wakarudi kwenye karata.

Jumamosi hiyo Walburga alishuka mjini akamkuta bandani Methodi, mnunuzi wa vitu vilivyotumika, anakunja waya wa televisheni.

"Shikamoo, mama. Tumeshapatana na Stephano."

Bei yenyewe ilikuwa ya kutupa. Walburga aliumia moyo. Kahawa ya mwaka mzima, aliyoipalilia kwa mgongo wake mwenyewe, iondoke hivi hivi?

"Marahaba. Rudisha huo waya," alisema. "Nami nicheze kwanza."

Methodi alicheka, akaurudisha. Stephano akamwonyesha shangazi yake vitufe. Walburga akamkagua yule mzee wa kwenye kioo.

"Mlimfungua mdomo?"

"Shangazi, hili ni gemu."

"Mmeingia kwa watu mkamwaga mahari kabla ya kupiga hodi. Hata mimi ningewapa mgongo."

Mama huyu alikuwa mshenga wa ndoa kumi na tisa, na hakuwahi kurudi mikono mitupu. Akatoa sarafu moja ya hodi, akatulia. Mzee akainua kichwa. Vijana wawili waliokuwa wakipita wakachungulia. Akatoa mbili za kufungua mdomo. Mzee akafunguka, maandishi yakamiminika.

"Anasemaje?" aliuliza Stephano.

"Anayosema kila baba mwenye binti. Tuendelee."

Akatoa tano za kukalia kiti. Stephano akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuvukia, akachapwa kofi mkononi.

"Hatujakaribishwa!"

Ndipo Walburga akaweka fungu kubwa, lakini si lote. Mzee akasimama, akainama hadi chini, akasogea pembeni. Daraja likawa wazi.

Vijana wakapiga mayowe yaliyosikika hadi sokoni. Muda si muda mabenchi yalijaa, na Stephano akawa anapokea viingilio kwa mikono miwili. Methodi alidai makubaliano yake. Akaambiwa televisheni haiuzwi, na kama anataka kutazama, alipe kama wenzake.

Stephano akaja kuchukua padi, kile kidude chenye vitufe, awape vijana. Walburga, furaha imemjaa hadi machozi, akaikumbatia kifuani.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema bila kubandua macho kwenye kioo. "Tumepokelewa tu. Chakula bado hatujaletewa."