Hatua Tatu Kati ya Jiko na Ghala

Jumamosi ile Bi Rula aliingia chumba cha nyuma cha duka la mshonaji na ramani yake begani, ameiviringisha vizuri, anatembea kama mtu anayeingia nyumba aliyoijenga mwenyewe. Jina la Bi Rula alipewa ofisini, idara ya upimaji wa ardhi, wala hakulichukia. Miaka ishirini na miwili alichora viwanja vya watu, mipaka na mitaro, mpaka kompyuta zikaletwa na yeye akahamishiwa kwenye makabati ya majalada. Akazikusanya kalamu zake, akarudi nazo nyumbani, na tangu hapo akawa anachora ngome, mapango na miji ambayo haikuwahi kukanyagwa na mtu.

Michoro hiyo ilikuwa ya mchezo. Kila Jumamosi mchana mdogo wake, ambaye wenzake walimwita Mzushi, aliwakusanya watu watano kuzunguka meza ya kukatia nguo. Kila mmoja alijitwalia mtu wa kubuni, mwizi au mganga au askari, naye Mzushi akawasimulia yanayowapata. Dadu ndiyo iliyoamua nani kafaulu na nani kaumia, na vifungo vya mshonaji vilisogezwa juu ya ramani kuonyesha nani yuko wapi. Mraba mmoja, hatua moja. Walikuwa pia na sheria ambayo hata Mzushi hakuthubutu kuigusa: kilichochorwa kipo. Ukichorwa mlango, basi kuna mlango, na mchoraji haruhusiwi kufungua mdomo kuueleza.

Siku hiyo mchezaji wa tano alikuwa mgeni, mama mmoja mchapishaji mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa anatafuta mtu wa kumchorea ramani kumi na mbili za kitabu cha michezo, na alishawaona wachoraji saba wa kompyuta, hakuridhika. Bi Rula akiipata kazi hiyo, Jumatatu anaacha ofisi. Barua ya kuacha kazi alikwisha kuiandika. Ilikosa tarehe tu.

"Umeihakiki lakini, dada?" Mzushi alimnong'oneza.

"Mimi sihakiki. Mimi nachora."

Hilo lilikuwa na historia yake. Pembeni mwa kila ramani ya ofisini palikuwa na mistari miwili ya sahihi: Aliyechora na Aliyehakiki. Mstari wa pili ulikuwa wa bosi, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitazama ramani zaidi ya muda wa kufungua kifuniko cha kalamu. Kwa hiyo kwenye ramani zake mwenyewe Bi Rula alitia sahihi mistari yote miwili, ule wa pili kwa mbwembwe zaidi. Aliona ni haki yake, na nani angembishia?

Mchezo ukaanza, ukakolea. Wachezaji wamenaswa ndani ya ngome, lango limeziba, maji ya bwawa yanapanda. Mchapishaji, aliyekuwa mwizi, alishapoteza upanga na viatu. Fundi bomba, jitu la watu lililojichagulia kuwa mganga, lilikuwa limeiinamia ramani, linahesabu miraba kwa ncha ya bisibisi. Kazi yake ilimfundisha kutoamini ukuta wowote mpaka ajue kuna nini ndani yake.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kwa nje, ukuta huu una hatua arobaini. Ndani nimejumlisha vyumba vyote, napata thelathini na saba. Hizi tatu hapa kati ya jiko na ghala ni za nini?"

Bi Rula akatazama, akalitambua kosa lake. Ngome ilikuwa kubwa kuliko karatasi moja, hivyo aliichora kwenye mbili, na ya pili akaiachia ukingo mtupu wa miraba mitatu, wa kupaka gundi, uingie chini ya karatasi ya kwanza. Ukingo ule alisahau kuuficha. Alizibandika karatasi ubavu kwa ubavu, na ukuta wa nje akaupiga wino mwisho kabisa, kwa rula ndefu, kutoka karatasi hadi karatasi. Akauona ulivyonyooka, akafurahi, akatia sahihi. Mara mbili.

"Chumba cha siri!" mshonaji akaruka. "Tubomoe!"

"Tubomoe haraka, maji yamenifika kiunoni," mchapishaji akasema, na viwiko vyake vyote viwili vilikuwa mezani.

Mzushi akamgeukia dada yake, macho yamemtoka. Kwenye daftari lake hapakuwa na chumba chochote cha siri. Bi Rula alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi na yeye walijuana siku nyingi na haikuwahi kumfanyia hisani. Fundi akatupa dadu. Sita. Ukuta ukaanguka.

Kusema haruhusiwi. Lakini nani alimkataza kuchora? Akajiuliza swali alilolizoea: nafasi hii imejengwa na mtu, alikuwa anaitakia nini? Jibu likamjia pale pale. Akavuta kalamu, na kwa kuwa wachezaji walikuwa ng'ambo ya meza, akachora kichwa chini miguu juu ili wao waione imesimama sawa. Meza nyembamba. Kigoda. Kidirisha cha kupitisha mwanga. Juu ya meza akachora karatasi ndogo kama ukucha, na ndani ya karatasi hiyo, kwa nibu yake nyembamba kuliko zote, ngome yote upya, pamoja na mtaro unaoanzia chini ya kigoda na kutokea nje ya ukuta.

Mzushi hakuitwa Mzushi bure. "Hiki," akasema taratibu, "ni chumba cha aliyeichora ngome. Alijiachia hatua tatu, bila kumwambia mfalme."

"Mtaro!" fundi akanguruma. "Nilijua!"

Wakatoka wote wazima, kwa makelele ya kuwaamsha majirani waliolala mchana.

Mchapishaji akafuta miwani yake. "Chumba kile kimenimaliza. Ulikipanga tangu lini?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nyuma ya mchapishaji, Mzushi alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu: sema tangu mwanzo, sema tangu mwanzo.

"Sikukipanga, mama," Bi Rula akasema. "Nilisahau kuficha ukingo wa gundi. Lilikuwa kosa."

"Na meza? Na ile ramani ndogo?"

"Hizo nilizichora."

Mchapishaji akapitisha kidole kwenye ungio la karatasi mbili, akacheka mpaka kamba ya miwani ikacheza. "Mkono ule nautaka. Ramani kumi na mbili. Ila makosa ya gundi yaishie hapa. Nani atakuwa anazihakiki?"

Bi Rula aliivuta ramani, akaweka rula juu ya sahihi yake ya pili, ile yenye mbwembwe, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Fundi, njoo utie sahihi hapa."

"Mimi, dada? Sahihi yangu ni ya kwenye risiti tu. Na hii maana yake nini?"

"Maana yake kuna mtu ameangalia."

Fundi akaifuta mikono yake kwenye suruali, pande zote mbili, kisha akapokea kalamu.