Vitanda vya Wazee Wasiojiweza

Shangazi alikuwa na tabia ya kujigamba kwamba tangu azaliwe hajasema uongo, kisha anacheka mwenyewe na kuongeza, "Na huu ndio wa kwanza leo." Labda ndiyo maana mtoto wa kaka yake, yule muuza samani, alimkimbilia yeye.

Muuza samani alikuwa ameiambia ofisi ya kodi kwamba ametoa vitanda na magodoro kwa kituo cha wazee, ili apunguziwe kodi. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya shangazi. Wazee wote walikuwa shangazi peke yake. Na sasa mkaguzi alikuwa njiani.

"Kumbuka, hunijui, sikujui," alimwambia shangazi, huku wapagazi wakiingiza vitanda, magodoro bado yamo kwenye nailoni. "Msaada kwa ndugu hauhesabiwi. Ukisema vizuri, hicho cha sebuleni chako. Ukiharibu, vyote vinarudi dukani."

Shangazi alikaa juu ya kitanda hicho. Mgongo uliozoea chaga zilizovunjika ukashukuru hapo hapo. Akamtazama muuza samani, sasa mfadhili, akitundika ukutani bango lenye sura yake, pana kuliko dirisha, akasonya kimoyomoyo. Lo, mtu mzima!

Mkaguzi alikuwa mama mpole, viatu vimejaa vumbi.

"Bibi, wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda kliniki, mwanangu. Wote. Hata kuugua wanaugua kwa pamoja."

Mkaguzi akakohoa kidogo, akamgeukia mfadhili. "Huwa unakuja kuwaona?"

"Hata! Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga hapa," alisema, amesimama chini ya sura yake. "Mimi nikitoa natoa kimya, afisa. Sipendi kujionyesha."

"Vitanda vingine?"

"Chumba cha nyuma. Karibu uvione!"

Mkaguzi akausukuma mlango. Haukutikisika. Akausukuma kwa bega. Shangazi alitaka kunyanyuka aufungue mwenyewe, lakini godoro jipya lilikuwa limemmeza hadi kiunoni, na muuza samani hakuwa na subira.

"Sogea kidogo, afisa." Akakinyanyua kitasa kwa mikono miwili, akaupiga mlango goti kwa chini, upande wa bawaba. Mlango ukafunguka.

Mkaguzi akautazama mlango, akalitazama goti. "Mara ya kwanza, eti?"

"Ni... nimebahatisha."

"Bibi, huyu unamfahamu?"

"Usimsumbue huyo!" muuza samani akadakia, jasho linamtiririka. "Kichwa chake kimeshachoka. Hajui hata anachosema, maskini."

Shangazi akalipapasa godoro taratibu, kama anayeliaga.

"Kweli kabisa, mwanangu," akasema. "Simjui. Nimemlea tu, humo humo chumbani."