Makoti Mawili, Namba Moja

Chumba changu cha makoti kilikuwa na misumari sitini, na kila msumari una kibati chake cha shaba chenye namba. Kazi ile haikutaka shule ndefu. Mimi niliishia darasa la sita kule Arkansas, kabla hatujapanda treni kuja Detroit, lakini miaka miwili kwa Bi Ottoline, mwenye ukumbi wa dansi, sikuwahi kumpa mtu koti la mwenzake. Ukikaa dirishani ukawatazama watu wakivua makoti, unawajua upesi. Aliyeachishwa kazi kiwandani hulivua polepole, kama hana hakika atakaribishwa. Mwenye mpenzi mpya hukutupia tu bila kukuangalia.

Ukumbini tulikuwa na sheria moja. Mume na mke wakija, makoti yao hutundikwa msumari mmoja, la mume juu ya la mke, na hupewa kibati kimoja. Wakati wa kutoka husimama wote wawili mbele ya dirisha. Akija mmoja, hata alie machozi, hapati kitu.

Wanaume waliisema sana sheria hiyo.

"Dada wa makoti," aliniambia siku moja fundi wa rangi, "mke wangu yuko chooni. Yaani nisimame hapa nimngoje kama mtoto?"

"Simama."

"Na akikaa humo mpaka Pasaka?"

"Basi mtatoka Pasaka."

Lakini sheria ilikuwa na sababu yake. Kabla sijafika mjini, palikuwa na mwanamke aitwaye Arletha Moody, hodari wa kucheza dansi. Siku moja ya Februari mwanamume aliyekuja naye alichukua makoti yote mawili, akamvisha mwanamke mwingine la Arletha, wakatokomea. Arletha aliona haya kuazima. Akatoka na gauni lake la kuchezea na skafu, akashika njia kwa miguu, mitaa kumi na miwili. Asubuhi walimkuta ameganda kwenye ngazi za nyumba alimopanga, ufunguo mkononi. Nyumba yenyewe haipo tena. Jiji liliibomoa vuli iliyopita kupitisha barabara kubwa ya magari, na upande ule wote umebaki uwanja wa matofali yaliyovunjika.

Jumatatu ninayoisimulia, theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri. Jumatatu ndiyo siku yetu. Wasusi na vinyozi hufunga maduka, na waliofanya kazi Jumamosi na Jumapili nao hupumua, basi muziki huanza saa kumi alasiri. Ilipofika saa kumi na moja nilikuwa nimebakiwa na msumari mmoja tu, wa sitini, ule wa kwenye kona.

Sikusikia mlango. Niliinua macho nikamwona mwanamke amesimama dirishani, gauni jekundu, mabega wazi. Hakuwa na theluji hata chembe. Kwenye nywele alikuwa na vumbi jekundu, laini kama unga. Akafungua skafu ya manjano shingoni, akanipa.

"Skafu tu?" nikamwuliza. "Koti liko wapi, dada, na baridi hii?"

"Linakuja."

Nikaitundika, nikampa kibati cha sitini. Vidole vyake viligusa vyangu, na kile kibati kikawa baridi ghafla mpaka nikakiachia.

Hapohapo akaingia mdogo wangu Lucius, amechelewa kama kawaida yake, saksafoni kwapani. Bendi ilikuwa imeshaanza.

"Niokoe, Verdell!" Akanirushia koti, akakimbilia jukwaani.

Kwa Lucius sikuwa na haja ya kibati. Mama alipokuwa anakata roho alitia mkono wa Lucius ndani ya wangu, na tangu hapo nimemhesabu kama kitu nilichopewa kushika. Nikatafuta msumari. Haukuwepo. Mikono yangu, kwa mazoea, ikalitundika koti lake juu ya ile skafu. La mwanamume juu ya la mwanamke. Sikufikiri.

Dirishani kwangu jukwaa linaonekana lote. Ukumbi ulikuwa moto, watu wanajipepea kwa sahani. Lakini Lucius alipopuliza, mvuke mweupe ulimtoka mdomoni, kama mtu aliyesimama nje barabarani. Nilidhani ni moshi wa sigara. Wimbo wa pili, mvuke bado, na midomo imekuwa ya kijivu. Wimbo wa tatu, vidole vikaanza kukosea.

"Lucius, leo umekula barafu?" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Fungeni mlango huo," Lucius akasema. Mlango ulikuwa umefungwa.

Yule mwanamke alisimama chini ya jukwaa, hachezi. Watu walimpita bila kumgusa, na hakuna aliyemwomba radhi.

Bi Ottoline alikuja na sahani yangu ya kambare wa kukaanga. Alikuwa na neno la utani mdomoni, nililiona, kisha akaona ncha ya manjano ikining'inia chini ya koti. Akaiweka sahani chini.

"Skafu hiyo umepewa na nani?"

"Yule wa gauni jekundu."

Hakugeuka kuangalia. "Nilimfunga nayo kidevu kwa mikono yangu," akasema, "siku ya kumzika. Koti la nani hilo juu yake?"

"La Lucius."

"Na kibati?"

"Anacho yeye."

Nilikwenda kwenye msumari nikalivuta koti. Halikutoka. Nilipofunua nikakuta skafu imepita kwenye tundu za vifungo, moja baada ya moja, kuanzia chini mpaka kwenye kola, na juu pamepigwa fundo. Fundo hilo sikulifunga mimi. Nikaking'ata kitambaa. Kilikuwa na ladha ya matofali.

"Nikimnyima?" nikauliza.

"Utamnyimaje, mwanangu? Sheria niliitunga kwa ajili yake."

Muziki ukapumzika. Lucius akashuka jukwaani, hakusimama baa, hakumsalimia mtu. Alikuja moja kwa moja nyuma ya yule mwanamke, kichwa kimeinama, kama mume aliyechoka anayemfuata mkewe sokoni. Wakasimama mbele ya dirisha, wote wawili, kama inavyotakiwa. Kibati kikawekwa juu ya ubao.

"Sitini," akasema mwanamke. "Tumekuja wote."

"Tupe makoti, Verdell," Lucius akasema. "Tunakwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi, Lucius?"

Akanitajia mtaa na namba ya nyumba. Alitaja bila kufikiri, kama anataja kwetu. Ilikuwa ile iliyobomolewa.

Nyuma yao watu walianza kujipanga. "Binti, umelala?" mmoja akasema. "Tuna zamu sisi!" Mimi naweza kungoja. Niliweka mikono juu ya ubao nikamtazama yule mwanamke, na yeye akaningoja mimi. Uso wake haukuwa na hasira. Kisha nikaona jambo ambalo tangu alasiri sikuliona: macho yake hayakuwa kwa Lucius hata kidogo. Yalikuwa nyuma yangu. Yalikuwa yanakwenda msumari kwa msumari, yakisimama kwenye kila koti la kike, yanalikagua, yanaliacha, yanakwenda kwenye jingine.

"Dada Arletha," nikasema, "koti lako lilikuwa la rangi gani?"

Macho yake yakaacha misumari, yakanirudia mimi. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Kahawia," akasema. "Kola yake ya manyoya. Nililipia mwaka mzima."

Kwenye mgongo wa kiti changu palikuwa na koti langu. La sufu, la kijivu, Mama alilishona mwenyewe tulipopata habari kwamba huku maji huganda mitoni. Sikuwa na jingine. Nikalichukua nikaliweka juu ya ubao.

"Hili si kahawia, na manyoya halina. Lakini ni langu, sikumwibia mtu, na nakupa mbele ya watu wote hawa."

"Verdell," Bi Ottoline akasema taratibu, "hilo ni la mama yako."

"Najua."

Arletha alilishika mkono, akalinusa, akalivaa. Akafunga vifungo mpaka shingoni. Nilikwenda kwenye msumari, na fundo likafunguka mara nilipoligusa. Nikampa skafu yake. Akamwonyesha Lucius kwa kidevu.

"Na huyu?"

"Huyu alikuja peke yake. Kosa ni langu mimi."

"Kweli ulikosea," akasema, kwa upole kabisa, akageuka akaenda. Mlango ulifunguka na kujifunga, na hakuna ubaridi ulioingia.

Lucius alipepesa macho. "Mbona nimepanga foleni?" Watu wakamcheka, naye akacheka nao bila kujua sababu, akarudi kupiga. Alipiga vizuri jioni ile. Mimi sikusikia mengi. Nilikuwa natazama mdomo wake.

Tulipokuwa tunaondoka, Bi Ottoline alinifunga vitambaa viwili vya meza, kimoja mabegani, kingine kiunoni. Lucius aliniona akasimama.

"Koti lako liko wapi?"

"Nimelitoa."

"Umelitoa? Theluji hii? Verdell, una wazimu. Vaa langu."

"Vaa wewe."

"Utaganda, dada!"

"Vaa, Lucius. Funga vifungo."

"Mimi mtoto?"

"Funga."

Alifunga kimoja akataka kusukuma mlango. Niliushika kwa mgongo wangu. Watu walikuwa wanangoja kupita, wananung'unika, na mimi nikasimama palepale mpaka akafunga kile cha mwisho.