Chupa za Dirishani

Dada yangu aliunguza mikate ya tanuri zima huku amesimama hapohapo mbele yake, anapangusa meza. Moshi ulipomwingia machoni ndipo akageuka. Mwenye kiwanda cha mikate hakumgombeza. Alimhamishia mbele, kwenye kuuza, akamwambia apumzike kidogo na moto. Heri angemgombeza.

Dada yangu huyo mtaani anaitwa Pua. Si kwa ukubwa, maana ana kijipua cha kawaida tu, ni kwa kazi yake. Maziwa yakitaka kuharibika kesho, yeye anajua leo. Ingia kwake na viatu ulivyokanyagia oili, atakuuliza ulipitia gereji ya nani. Tulipoanza kupika bia nyumbani, mimi na yeye, kazi ziligawanyika zenyewe. Mimi ni fundi friji, kwa hiyo vyombo, mipira na ubaridi ni vyangu. Yeye alikuwa ananusa pipa anasema "bado," ananusa tena anasema "tayari," na sikumbuki siku aliyokosea.

Halafu akapata mafua yale mabaya. Yeye akapona, pua haikupona. Hospitali walimwambia harufu inaweza kurudi na inaweza isirudi, kwa hiyo awe ananusa vitu vikali kila siku, asichoke. Akanusa limau, akanusa karafuu, akanusa vitunguu vilivyomtoa machozi bila kumpa harufu yoyote. Mwishowe akavitupa vyote.

"Nanusa ukuta," aliniambia. "Na wewe uache kuniita Pua."

Nikaacha. Lakini jamani, iliniuma. Bila pua hawezi kurudi kwenye tanuri, na bila tanuri dada yangu ni mtu mwingine kabisa, mtu wa kukaa sebuleni na kujibu "sawa" kwa kila kitu. Dada yangu hajawahi kuwa mtu wa "sawa". Nikaapa kwamba pua irudi isirudi, kwenye sufuria ya bia nitamrudisha, hata kwa kumburuta.

Chama chetu cha wapika bia wa nyumbani kilikuwa kinaandaa mashindano. Katibu wa chama, ambaye kazi yake ni kufundisha kemia, aligawa mwongozo wa mitindo, kijitabu kinachosema kila aina ya bia iwe na rangi gani, uchungu kiasi gani, povu la namna gani. Mimi na kijitabu hicho hatupatani. Safari iliyopita nilipeleka bia ambayo watu waliinywa mpaka wakatafuta tone la mwisho chini ya glasi, jaji akaandika: "Nzuri, lakini siyo ya mtindo uliotajwa." Siyo ya mtindo! Nilitaka kumfuata mpaka kwao. Lakini mara hii nilikaa nacho kwa upole kwenye karakana yangu, kati ya friji mbili zilizofunguliwa migongo, nikitafuta jambo moja tu. Je, humu kuna bia ambayo pua haina kazi kubwa?

Ilikuwepo. Inaitwa blondi eli, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Ukurasa wake ni kama mama mkwe anayeorodhesha tabia za mkwe anayemtaka. Iwe angavu. Iwe laini. Utamu wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, usikike kidogo, uchungu usikike kidogo, usizidi huu wala ule. Na harufu, kijitabu kinasema, iwe hafifu. Nilifunga karakana mchana kweupe, nikaenda kwa dada.

"Nimepata bia yetu," nikasema.

"Yetu na nani?"

"Mimi na wewe. Sikia: harufu hafifu. Yaani hata wenye pua zao hawatapata kitu."

Dada akanikazia macho. "Kwa hiyo unanitafutia bia ya vilema."

"Nakutafutia bia ngumu. Ni ngumu kuliko zote humu ndani. Bia nyeusi ukikosea, ladha za moshi na kahawa zinakusitiri. Hii ukikosea uko uchi."

Shemeji, mume wa dada, alikuwa anakula. Akasema kwa mdomo uliojaa, "Bia isiyo na rangi, isiyo na uchungu, isiyo na harufu. Si mfungue bomba tu?"

"Wewe kula," dada akamjibu, na nikajua nimempata, maana ameanza kugombana na watu. Akanyoosha mkono. "Lete hicho kijitabu."

Tukaanza kuipanga. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kujua ulimi wa dada yangu. Kila kitu tulikuwa tunaipa pua, ulimi ukawa umekaa bure. Sasa akawa anatafuna punje za kimea moja moja, anafumba macho, anasema, "Hii ina utamu wa mwanzo, haina wa mwisho." Akaloweka hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, kwenye maji ya moto, akalamba kwa kijiko. "Huu unakwaruza. Huu unauma halafu unaondoka. Tuchukue unaoondoka." Nami kwa udadisi nikajibana pua kwa kibanio cha nguo nionje anachoonja yeye. Utamu ulikuwepo. Uchungu ulikuwepo. Gesi ilinichoma, na nikahisi bia ina uzito wake mdomoni, kitu ambacho sijawahi kukijali. Kumbe bado alikuwa na vitu vyake vingi huko aliko! Nilibaki na kibanio puani mpaka shemeji akaniuliza kama nasubiri kuanikwa.

Pipa la kwanza niliharibu mimi. Niliona kimea cheupe kitupu ni unyonge, nikaongeza cha karameli, kile kilichokaangwa, na mkono wangu hauna kiasi. Dakika za mwisho nikatupia na hopsi, nyingi tu. Ikatoka rangi ya chai ya rangi na uchungu wa kumfukuza mgeni.

Dada akaonja, akaweka glasi chini. "Unajua tatizo lako? Unaongea sana hata kwenye sufuria."

Nilinuna. Nikazima jiko kwa kishindo, nikafua vitambaa ambavyo havikuwa vichafu. Lakini nilipousoma ukurasa tena nikaona kweli, kila mstari ulikuwa unaniambia mimi ninyamaze. Kumpikia jaji bia ya kelele ni rahisi, kila mtu ataisikia. Ya utulivu utaipimaje? Unajuaje kwamba kidogo imetosha na siyo kwamba imepungua? Swali hilo lilinikaa kichwani hata nikiwa chini ya friji ya mteja na bisibisi mdomoni.

Mara ya pili nikamwachia dada usukani. Kimea cheupe ndicho kikawa karibu chote. Akaongeza ngano kidogo, kwa sababu mwongozo unataka povu jeupe linalokaa, na mtu wa mikate hahitaji kuambiwa ngano inashika nini. Karameli akaniruhusu kikombe kimoja cha kahawa, akakipitishia kidole juu kuondoa kilima nilichokuwa nimeacha. Hopsi zikaingia mapema ili zitoe uchungu, na mwishoni akatia kiasi cha vidole vitatu, basi. Kazi yangu ikawa friji yangu mbovu, ile niliyoitia kidhibiti cha joto, kuhakikisha hamira inafanya kazi katika ubaridi uleule usiku na mchana, isipate joto ikaanza kutoa harufu za ndizi. Nilikuwa naifungulia mlango na kuifunga kama mtu aliyelaza mtoto ndani.

Ikachacha, ikatulia, ikajisafisha. Nilipochota glasi ya kwanza na kuiinua, niliona vidole vyangu upande wa pili.

"Loo!" dada akasema. Akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga, akaizungusha. "Hebu ione."

Siku zote bia yetu tunaitia kwenye chupa za kahawia, zile tunazookota baa na kuzichemsha. Kwa nini za kahawia? Hatukuwahi kujiuliza, ndizo zilizopo. Lakini dada akakataa katakata kuifungia dhahabu yake kwenye chupa za giza. Alikuja na chupa nyeupe za juisi, za kioo kitupu, zenye vizibo vya kubana, akaziosha mpaka zikalia chini ya kidole.

"Nyinyi mtainusa," akasema. "Mimi niacheni niiangalie."

Tukajaza. Chupa nyeupe zilipoisha, bia iliyobaki nikaitia kwenye za kahawia na kuzisukumia chini ya sinki. Zile nyeupe akazipanga kwenye dirisha la jikoni kwake, upande linakochomoza jua. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza mikate asiyoioka alikuwa anasimama pale na chai yake, akizitazama zinavyowaka. Nikipita, namkuta anafuta vumbi shingoni mwa chupa. Shemeji alisema mke wake ana wageni dirishani na yeye hajatambulishwa.

Ikafika jioni ya kuonja, kesho yake Katibu anapokea bia. Tulikaa mezani watatu. Nikachukua chupa moja dirishani, nikafungua, nikamimina. Rangi, nzuri. Povu, jeupe, limekaa. Nikaleta glasi mdomoni.

Toba! Ilinuka. Ilinuka kicheche, ilinuka mpira wa gari ulioungua, nilihisi nywele za puani zinasimama. Nikafungua nyingine kwa haraka. Hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Hasira zikanipanda mpaka masikioni, nikawa natafuta wa kumlaumu. Hamira? Friji yangu? Halafu macho yangu yakaenda dirishani, kwenye zile chupa zilizopangwa kwa upendo wote ule, na hasira zote zikaniishia miguuni. Kama ni jua ndilo lililoziharibu, basi aliyeziweka juani ni yeye. Na hawezi kujua. Atainywa, ataona utamu na uchungu wake viko pale alipoviweka, atafurahi.

Basi nikaamua kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kesho nitajua la kufanya.

"Vipi?" dada akauliza.

"Safi," nikasema. "Safi kabisa."

Shemeji akainua yake, akanusa, macho yakamtoka. Alipofungua mdomo nikamkanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zangu zote.

"Ina... ina rangi," akasema.

Dada akanywa. Akafumba macho, ulimi ukafanya kazi yake. "Utamu umekaa. Uchungu umekuja, umeondoka. Jamani, hii ndiyo yenyewe." Akanywa tena. Halafu akakunja uso, akageukia friji.

"We, hebu angalia friji hiyo. Kuna waya unaungua."

"Hakuna," nikasema. "Mimi ndiye fundi."

"Nakwambia kuna kitu kinaungua humu. Mpira, sijui waya." Akainuka, akainama nyuma ya friji, akafungua mlango wa uani, akarudi. "Husikii harufu hiyo?"

Shemeji aliacha kusugua mguu wake. Nikachukua glasi ya dada, nikamsogezea chini ya pua.

Akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. "Ala! Ni hii!"

"Ni hiyo."

"Bia yangu inanuka!" Kisha akanigeukia. "Na wewe umeniambia safi? Umenitazama machoni ukaniambia safi?"

"Dada..."

"Mwongo mkubwa wewe! Na huyu naye, ati ina rangi!" Alikuwa anagomba, mkono mmoja kiunoni, na wote watatu tulikuwa tunamsikiliza, hata yeye mwenyewe. Akaishika glasi kwa mikono miwili, akaisogeza pole pole, akavuta pumzi. Machozi yakamtoka. "Inanuka," akasema tena, sasa kwa sauti ndogo. "Inanuka vibaya sana."

Nilimpigia Katibu simu nikiwa nalia na kucheka. Alisikiliza, akauliza chupa za rangi gani, akauliza zilikaa wapi, akaguna. Jua na hopsi haviivi chungu kimoja, alisema, mwanga ukipenya kwenye kioo cheupe hopsi zinageuka uvundo, na hiyo ndiyo kazi ya chupa ya kahawia tangu zamani. Akaniuliza nilidhani ni urembo.

Nikachutama chini ya sinki, nikatoa chupa ya kahawia, nikaifungua. Hiyo ilikuwa safi kweli. Ilinukia mkate kwa mbali, na ua kwa mbali zaidi, kila mstari wa ukurasa ule ulikuwa ndani ya glasi. Nikampa dada nikiwa nimejaa matumaini.

Akanusa. Akangoja. Akanusa tena, akaitikisa, akaitumbukiza pua karibu na povu. Tukamtazama usoni bila kupepesa.

"Hamna," akasema.

Shemeji akajidai anafuta meza. Mimi nikaanza kusafisha. Nikabeba ile glasi ya uvundo kwenda nayo kwenye sinki.

Dada akaniwahi mkono.

"Hizo nzuri mpelekee Katibu," akasema, "zikashinde. Hizi za dirishani ni zangu." Akainyang'anya glasi, akaiweka mbele yake, akaivuta karibu. "Na jaribu kumwaga hata tone, uone."

"Sawa, Pua," nikasema.

Hakunikataza. Alikuwa ameshainama juu ya glasi, macho ameyafumba, ananusa.