Taa Nne za Amplifaya

Gozbert aliwasha amplifaya, akarudi nyuma kidogo, akasubiri. Miaka yote alisubiri hivyo: kwanza taa za ndani ziive nyekundu kama makaa, vumbi linukie joto, ndipo aguse uzi wa gitaa la besi.

Safari hii sanduku lililia "piii" papo hapo. Kitaa cha buluu kikapepesa mbele.

"Tata, siku hizi haisubiriwi!" Binti yake Benigna alicheka. "Inapokea hata muziki wa simu. Nilikuficha makusudi, ushangae."

Gozbert alikuwa amempa sanduku alipeleke kwa fundi kule Muleba, Benigna anakofundisha, libadilishwe waya wa umeme tu. Leo Benigna anaagwa kwenda kuolewa, hapa nyumbani Rwamishenye, na Gozbert aliahidi kumpigia wimbo aliompigia Immakulata, mama yake Benigna, siku anaingia nyumba hii kama bibi harusi. Benigna hakumjua mama. Alifiwa hajaota meno. Kanda haikurekodiwa. Kilichobaki ni wimbo, besi, na sanduku hili, alilolinunua Miembeni, dukani kwa mzee Suryakant, zamani hizo.

Akaligeuza. Palipokuwa na taa nne za kioo sasa palikuwa na kibao cha kijani, kidogo kama kipande cha sabuni.

"Taa zake ziko wapi?"

"Zile chupa? Fundi kazitupa, waitu. Za kizamani, zinakula umeme. Na lile lichuma zito la ndani kachukua mtu wa chuma chakavu." Akamtazama usoni. "Nimekosea?"

Wageni walishakaa. Ndizi zilikuwa zinapakuliwa.

"Hapana," Gozbert alisema. "Sasa ni jepesi kubeba."

Akapiga. Besi lake lilikuwa la zamani, tumbo tupu ndani, nyuzi bapa zisizovuma, na sauti yake ya chini haikuwahi kujitegemea. Zile taa ndizo zilizoinenepesha mpaka mabenchi yakatetemeka. Leo ilitoka kavu, kama mtu anagonga ndoo. Mwijage, mshereheshaji, alivumilia ubeti mmoja.

"Makofi kwa mzee wetu, ametupashia vyombo moto! Sasa tuweke muziki wenyewe."

Akaunganisha simu yake kwenye sanduku lilelile. Uwanja ukajaa muziki, watu wakainuka.

Benigna alimwinamia baba yake sikioni. "Kumbe wimbo wa mama ulikuwa mfupi."

"Mfupi," alisema.

Alichomoa waya wa besi, akaenda nalo kukaa nyuma ya turubai, migomba inapoanzia. Akaegemeza taya kwenye mbao ya besi, mahali mfupa unaposikia bila umeme, akaanza ubeti wa pili.

Dada yake Klaudia, aliyecheza siku ile ya Immakulata, alimfuata na sahani ya ndizi. Hakusikia kitu. Alivitazama vidole vya kaka yake. Kisha, sahani ikiwa bado mkononi, mabega yake yakaanza kwenda taratibu, nje kabisa ya mdundo wa sherehe.